Alama ya Mkebe wa Maziwa Isiyoharibiwa na Maji

Mkulima mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini na mkebe wake wa maziwa. Alama aliyoibandika juu yake, ile ndogo ya NFC isomwayo kwa simu, ilikuwa imevimba kama mkate uliolowa. Mpokeaji wa maziwa alishindwa kuisoma, na lita zake za asubuhi ile zikaandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Wakulima, msidhani kwamba maji huzuia simu kusoma. Simu huisoma alama kwa nguvu ya sumaku, nayo hupita katika maji ya kawaida bila taabu. Ubaya wa maji ni kuingia ndani. Humo mna chipu iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, na waya mwembamba uliozungushwa. Maji yakifika hapo waya huliwa. Basi acheni alama za karatasi, mchague zilizozibwa kabisa ndani ya plastiki ngumu, epoksi au silikoni.

Nyingine zimeandikwa IP67. Maana yake zimejaribiwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini hayo si maji ya moto wala ya sabuni, na mkebe wako huoshwa kwa yote mawili kila siku! IP69 ndiyo iliyojaribiwa kwa maji ya digrii 80 yanayorushwa kwa nguvu. Mwulize mwuzaji kuhusu sabuni pia.

Wengi husahau kwamba mkebe wa alumini nao huidhoofisha ile nguvu ya sumaku. Taka alama yenye tabaka la feraiti mgongoni, ama yenye tundu, uifunge kwenye mkono wa mkebe na kuiinua kidogo wakati wa kusoma. Mimi naipenda ya tundu, maana gundi haishiki vizuri penye mafuta ya maziwa.

Tena, hereni za ng'ombe za elektroniki ni jambo jingine. Kwa kawaida hizo hutumia kilohezi 134.2, na NFC ni megahezi 13.56, kwa hiyo simu yako haitazisoma.

Nunua alama mbili tu kwanza. Zilaze usiku kucha katika ndoo ya maji ya sabuni, zioshe pamoja na mkebe kwa wiki moja, kisha uzisogezee simu, sentimita 2 hivi. Hata zikisomeka, andika nambari yako kwa rangi juu ya mkebe, kwani simu nayo huishiwa na moto.