Mlango wa Mfuatano Uliokaa Kimya
Maandishi ya hadithi simulizi yaliyobaki katika kompyuta ya zamani huenda yasiwe na njia ya kutokea ila mlango wa mfuatano wa kadi ya nyongeza. Mlango huo ukinyamaza, tusiharakishe kuitupa kadi. Kwanza tuondoe waya wa nje, tuunganishe pini ya 2 na ya 3 za mlango wenye pini 9, kisha tuandike herufi katika programu ya mawasiliano, mwangwi wake na udhibiti wa mtiririko vikiwa vimezimwa. Herufi zikirudi, mlango ni mzima. Kosa tulitafute katika waya au kasi. Zisiporudi, tuchunguze mgongano: kwa desturi COM1 na COM3 hushirikiana njia ya wito IRQ 4, COM2 na COM4 IRQ 3. Kuhamisha kibano kimoja cha kadi, umeme ukiwa umekatwa, kwaweza kuokoa kazi ya miaka mingi.