STORNOWAY: MJI WA JUMAPILI NA MSIKITI MDOGO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 13, tunafahamishwa kwamba tumejaaliwa kuwa mataifa na makabila ili tujuane. Basi leo tuutembelee kwa kalamu mji mdogo wa Stornoway, katika kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti.

Mji na riziki zake

Stornoway ni bandari, na ndio mji mkubwa kuliko yote katika Visiwa vya Hebrides ya Nje. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wapatao 26,000 tu katika visiwa vyote hivyo. Nje ya mji kuna mashamba madogo, kondoo, upepo na ardhi nyeusi yenye majimaji. Kwa kuwa miti ni michache, wenyeji huukata udongo huo vipande, wakauanika na kuuchoma kama kuni.

Zamani mji uliishi kwa samaki aina ya heringi, waliotiwa chumvi katika mapipa na kuuzwa hadi Ujerumani na Urusi. Kazi iliyobaki hadi leo ni kufuma kitambaa cha sufu kiitwacho Harris Tweed. Sheria ya mwaka 1993 inataka kifumwe kwa mkono nyumbani kwa mfumaji, humo humo visiwani.

Mji huu umeonja pia msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1919, meli Iolaire iliyowarudisha mabaharia waliosalimika katika Vita Kuu ya Kwanza iligonga miamba karibu na mdomo wa bandari. Walikufa watu 201, nao walikuwa karibu kufika nyumbani. Kwa miaka mingi wazee hawakupenda hata kuusimulia.

Siku ya Jumapili

Wenyeji wengi ni Wakristo wa Kiprotestanti wenye msimamo mkali juu ya siku yao ya ibada. Jumapili maduka yalifungwa, na hata nguo hazikuanikwa kambani. Ndege ya kwanza ya Jumapili iliruka mwaka 2002, na meli ya abiria ikafuata mwaka 2009. Kila mara palitokea ubishi mkubwa.

Waislamu wa Stornoway

Katika mji huo huo wamekaa Waislamu wachache tangu karne ya 20. Familia za kwanza zilitoka upande wa Pakistani, wakiuza nguo nyumba kwa nyumba. Baadhi yao walijifunza Kigaeli, lugha ya wenyeji. Baadaye zilikuja pia familia za wakimbizi kutoka Syria. Kwa miaka mingi waliswali majumbani, bila msikiti.

Mwezi Mei 2018, siku chache kabla ya Ramadhani, jengo chakavu lililokarabatiwa lilifunguliwa kuwa msikiti wa kwanza wa visiwa hivyo. Michango ilikusanywa kupitia intaneti, na hata wasio Waislamu walitoa. Wapo waliopinga, lakini wapo pia viongozi wa kanisa waliosema wazi kwamba Waislamu wana haki ya kuabudu.

Tukumbuke kwamba Ramadhani ile ilikuwa wakati wa mchana mrefu. Huko mwezi Juni jua huchomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku. Saumu huzidi saa 18!

Mazingatio

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, uchache si udhuru wa kuacha dini. Sisi tunaosikia adhana kila upande, tuna hoja gani ya kukosa jamaa? Pili, mtu anayeiheshimu siku yake ya ibada anaweza kuielewa Ijumaa ya jirani yake. Nasi tuwatendee hivyo majirani wasio wa dini yetu, kwani haki ya jirani tumeusiwa na Mtume (S.A.W.).

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia na kufuata. Amin.