Kuharisha na Kutapika kwa Watoto Wadogo Kahama: Meno, Maji na Chumvichumvi

Maelezo ya mama anayefika zahanati na mtoto anayeharisha aghalabu huwa mafupi: "Anaota meno." Mtoto ana miezi saba, ameharisha kwa siku mbili, na mama hana wasiwasi mkubwa kwa kuwa kila aliyemwuliza, kuanzia bibi wa mtoto hadi jirani, amemwambia kwamba meno yakishatoka tumbo litatulia. Mhudumu akimchunguza mtoto huyo hukuta kweli fizi imevimba kidogo. Hukuta pia mdomo mkavu, macho yaliyodidimia na utosi uliobonyea, na hayo hayakuletwa na fizi.

Ni rahisi kuona kwa nini meno yanasingiziwa. Meno ya kwanza huanza kuota karibu na mwezi wa sita, na wakati huohuo mambo mengine matatu hutokea katika maisha ya mtoto. Kinga aliyoipata kwa mama yake kabla ya kuzaliwa huwa imepungua sana. Huanza kulishwa uji na vyakula vingine baada ya miezi sita ya maziwa ya mama pekee. Tena huanza kukaa na kutambaa, akiokota kila akionacho na kukitia mdomoni. Vimelea vya kuharisha hupata njia mpya wakati ambapo ulinzi umepungua, na jino linalochomoza siku hizo hubebeshwa lawama.

Imani hiyo isingekuwa na madhara makubwa kama ingeishia kwenye maneno. Tangu miaka ya 1980 imesikika sehemu nyingi za Tanzania habari ya "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita meno ya nailoni: uvimbe mweupe kwenye fizi, mahali pa chonge, unaodhaniwa kuwa chanzo cha homa, kutapika na kuharisha. Uvimbe huo ni chipukizi la jino la kawaida. Mtoto hupelekwa kwa mtu anayeuchimbua kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli, kisha fizi husuguliwa dawa za kienyeji. Matokeo yanayojulikana hospitalini ni kutokwa damu nyingi, maambukizi yanayoingia kwenye damu, pepopunda, na baadaye meno ya kudumu kuota vibaya au kutoota kabisa. Mtoto aliyekuwa akipoteza maji sasa anapoteza na damu, tena hawezi kunyonya kwa sababu kinywa kinauma. Mhudumu anayegundua jeraha la namna hii asianze kwa kumfokea mama. Mama aliyefokewa leo hatamleta mtoto mwingine kesho.

Mazingira ya Kahama yana mchango wake. Maji ya Ziwa Victoria yalifika mjini mwaka 2009 kwa bomba linaloanzia Ihelele, wilayani Misungwi, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa kwa mji uliozoea visima na malambo. Lakini makazi yanayoota kuzunguka maduara ya dhahabu, kuanzia upande wa Kakola hadi Geita, huanza kabla ya bomba na kabla ya choo. Watu hufika kwa kuwa dhahabu imeonekana. Maji hununuliwa kwa ndoo. Mama anayeponda mawe tangu alfajiri huacha uji kwenye chupa, na dada mwenye miaka minane humlisha mtoto mpaka jioni. Uji ulio vuguvugu kwa saa nyingi ni mahali pazuri sana pa bakteria kuzaliana, hata kama asubuhi ulichemka vizuri. Ni heri uji upikwe kidogo na kuliwa ndani ya saa mbili, na mtoto alishwe kwa kikombe na kijiko vinavyosafishika, kuliko chupa yenye chuchu ambayo pembe zake hazifikiwi na sabuni.

Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu ni suala jingine. Madhara yake makubwa kwa mtoto huwa kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, na kuilaumu kwa kila tumbo linaloharisha ni kosa la aina ileile ya kulaumu meno. Hata hivyo, chombo kilichochomewa zebaki kisirudi jikoni kamwe.

Kinachomuua mtoto anayeharisha, mara nyingi, ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Ugunduzi ulioleta tiba yake ni mdogo kwa sura na mkubwa kwa matokeo: ukuta wa utumbo hupitisha sukari na chumvi ya sodiamu kwa mlango mmoja, zote mbili kwa pamoja, na maji huzifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata utumbo unapotoa maji kwa wingi, kama ilivyo katika kipindupindu. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis alipoishiwa dripu aliwapa ndugu wa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo, vilivyokuwa karibu asilimia 30, vilishuka hadi chini ya asilimia 4.

Ndiyo maana kipimo cha maji ya chumvichumvi, yaani ORS, hakichezewi. Pakiti moja ya kawaida huyeyushwa yote katika lita moja ya maji safi na salama. Wako wanaotia pakiti nzima katika nusu lita ili dawa "iwe kali". Chumvi ikizidi, hali ya mtoto huwa mbaya zaidi. Wako pia wanaogawa pakiti kwa siku mbili, nao humpa mtoto maji yasiyo na nguvu. Kuongeza sukari ili mtoto apende huongeza kuharisha. Maji yaliyochanganywa yakipita saa 24 yamwagwe. Pakiti zikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji, vinaweza kumsaidia mtoto wakati anapelekwa kituoni.

Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Aliyefikia miaka 2 hupewa 100 hadi 200. Akitapika, mama asubiri dakika 10, kisha aendelee kidogokidogo kwa kijiko. Kunyonyesha kusikatizwe hata mara moja, na chakula kisizuiwe. Pamoja na hayo hupewa zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Mama wengi huacha siku ya tatu kwa kuwa kuharisha kumekoma, ilhali siku zilizobaki ndizo zinazompunguzia mtoto uwezekano wa kuugua tena katika miezi inayofuata. Jambo hili lielezwe wakati dawa inatolewa dirishani.

Kwa mhudumu, mtoto mwenye upungufu wa wastani hunyweshwa kituoni mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4, kisha hupimwa upya. Asiyeweza kunywa, aliyelegea au kupoteza fahamu, ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa hukawia zaidi ya sekunde 2 kurudi, anahitaji dripu mara moja: mililita 100 kwa kilo, 30 za kwanza kwa saa 1 ikiwa hajatimiza mwaka, au kwa nusu saa ikiwa ametimiza, na 70 zilizobaki kwa saa 5 au saa 2 na nusu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hafuati vipimo hivi. Ngozi yake hudanganya, na maji mengi ya haraka huweza kuuzidi nguvu moyo wake.

Dawa za kuua bakteria hazihitajiki kwa kuharisha majimaji kwa kawaida. Kuharisha damu na kipindupindu vina tiba yake. Metronidazoli inayonunuliwa kwa mazoea katika duka la dawa muhimu haitibu virusi vya rota. Virusi hivyo vina chanjo, inayotolewa nchini tangu mwaka 2013, mtoto akiwa na wiki 6 na tena wiki 10. Dawa za kufunga tumbo asipewe mtoto mdogo. Na kwa kuwa Kahama ni eneo la malaria, kila mtoto mwenye homa anayetapika au kuharisha apimwe malaria kwanza.

Si kila tatizo la tumbo ni la kuogopesha. Mtoto anayecheua maziwa baada ya kunyonya huku akiongezeka uzito hana ugonjwa. Kinachoitwa chango, yaani kilio kirefu cha jioni kwa mtoto wa wiki chache ambaye hunyonya na kukua vizuri, huisha kikikaribia miezi minne. Mizizi ya kuchemsha na maji ya kutuliza tumbo havina kazi ila kumwingizia vimelea. Choo kigumu kwa aliyeanza kula hulainika kwa maji zaidi, papai na mboga za majani.

Yapo matapishi mengine. Mtoto wa wiki tatu hadi nane anayetapika kwa kurusha mbali kila baada ya kunyonya, kisha akataka tena ziwa kwa njaa, huenda mlango wa kutokea tumboni umeziba. Matapishi ya kijani ni dharura kwa umri wowote. Mtoto wa miezi mitano hadi kumi anayelia ghafla akikunja miguu, akatulia, akalia tena, kisha akatoa kamasi yenye damu, huenda sehemu ya utumbo imeingia ndani ya nyingine. Wengi wa hawa hutibiwa kwanza kama wenye kuharisha damu, na siku hupotea. Huyu asipewe chochote kwa mdomo. Awekewe dripu na apelekwe siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye upasuaji wa watoto, kama Bugando jijini Mwanza, na barua ya rufaa itaje saa kilio kilipoanza, rangi ya matapishi na mara ya mwisho aliponyonya.