Wanafunzi wa Ualimu Kati ya Watoto wa Masisi na Walikale

Katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, kijana anayesomea ualimu mara nyingi husimama mbele ya watoto kabla hajapata cheti chochote, kwa sababu watoto wapo, walimu wanaolipwa na serikali hawatoshi, na vita vimewatawanya hata hao wachache. Kazi hiyo huifanya kwa kujitolea, yaani bila mshahara, na anachokipata huwa posho ndogo ya shirika la misaada, au mahindi na maharagwe yaliyochangwa na wazazi, au shukrani tu. Ni rahisi kuihesabu kuwa msaada wa muda wa kuziba pengo hadi hali itengemae, lakini katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale hali haijatengemaa kwa zaidi ya miaka 30, na miezi hiyo ya kujitolea imekwisha kuwa sehemu ya malezi ya mwalimu, tena sehemu inayomfunza mambo ambayo masomo ya darasani hayayafikii.

Njia ya kawaida ya kuwa mwalimu wa shule ya msingi nchini Kongo hupitia sekondari. Mwanafunzi akimaliza elimu ya msingi, ambayo sheria ya Februari 2014 iliipa miaka 8, yaani 6 ya shule ya msingi na 2 ya mwanzo wa sekondari, huweza kuchagua tawi la ualimu, humanités pédagogiques, akalisoma kwa miaka 4, kisha akafanya mtihani wa taifa uitwao Examen d'État, na akifaulu hupewa cheti ambacho watu wamezoea kukiita D6. Anayetaka kufundisha sekondari huendelea hadi ISP, taasisi ya juu ya ualimu, kama ile iliyopo Goma. Katika njia zote mbili mna saikolojia ya mtoto, mna didaktiki, yaani ujuzi wa kupanga somo na kulifikisha kwa mwanafunzi, na mna staji, kipindi cha mazoezi ambapo kijana huketi kwanza nyuma ya darasa akitazama mwalimu mzoefu anavyofundisha, kisha hupewa somo moja, halafu mawili, hadi aachiwe darasa zima. Kila somo huliandikia fiche, karatasi ya maandalizi inayoonyesha lengo, zana, maswali atakayouliza, majibu anayoyatarajia na zoezi la mwisho. Fiche ni chombo kizuri, kwa kuwa humzoeza kijana kufikiri kabla ya kusema. Ila imekusudiwa darasa la watoto wa rika moja, wenye daftari na kitabu, ambao jana walilala kwao na kesho watarudi.

Darasa la namna hiyo ni adimu katika wilaya hizi. Mapigano makubwa ya jamii kwa jamii yalizuka Ntoto, wilayani Walikale, mwezi Machi 1993, yakaenea Masisi, na tangu hapo wapo wazazi waliokatizwa shule kwa kukimbia ambao leo wanawaona watoto wao wakikatizwa vivyo hivyo. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, mji wa machimbo ya koltani wilayani Masisi. Januari 2025 waliingia Sake na Goma. Na mwezi Machi mwaka huohuo walifika hadi mji mkuu wa Walikale kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika majuma ya mwanzo ya mwaka huo UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, lilieleza kwamba zaidi ya shule na vituo 2,500 vya kujifunzia vilikuwa vimefungwa katika mikoa ya Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na kwamba watoto 795,000 walikuwa nje ya masomo, ilhali Desemba 2024 walikuwa 465,000. Kongo ilikwisha kuliunga mkono mwaka 2016 Azimio la Shule Salama, ahadi ya kimataifa ya kutozitumia shule kama kambi za askari, lakini madawati yameendelea kuchomwa kuwa kuni na familia zilizokimbia zimeendelea kulala madarasani kwa kukosa pa kwenda.

Shule inapopokea watoto wa wakimbizi wa ndani juu ya watoto wake yenyewe, njia inayobaki ni kugawa siku, kundi moja lisome asubuhi na jingine mchana, na hapo ndipo mwanafunzi wa ualimu huitwa, kwa kuwa mwalimu aliyefundisha asubuhi nzima hawezi kulichukua na kundi la pili. Wengine huitwa katika vituo vya masomo ya kufidia, vinavyojulikana kwa kifupi cha CRS, ambavyo huwachukua watoto waliopitwa na umri wa kuanza shule na kuikusanya miaka 6 ya shule ya msingi ndani ya miaka 3, ili mtoto aweze kuufikia mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la sita. Mashirika kama Baraza la Wakimbizi la Norway yameunga mkono masomo ya aina hii Kivu Kaskazini, na Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, JRS, lilifanya kazi kwa miaka mingi Masisi na Mweso likijenga madarasa na kuwapa walimu mafunzo ya ziada.

Inafaa kulitazama kwa karibu somo moja tu la hesabu katika darasa la namna hii, la kufundisha makumi na mamoja. Mwalimu huwa hana zana ya kununua, kwa hiyo hukata vijiti vya matete, akavihesabu na watoto kumi kumi, na kila kumi likafungwa kwa kamba ya mgomba, ili mtoto auone kwa macho na kuushika kwa mkono ukweli kwamba mafungu matatu na vijiti vinne ni 34. Mtoto wa miaka 7 hufurahia kufunga na kufungua. Aliyeketi kando yake, mwenye miaka 13, ambaye ameuza karanga na mihogo sokoni tangu akimbie kijijini kwao, anaweza kurudisha chenji ya faranga bila kukosea na kwa kasi inayomshangaza mwalimu mwenyewe, ila hajui kuiandika namba hata moja, tena anaona haya kuchezea vijiti pamoja na wadogo. Hakuna fiche iliyomtarajia mtoto huyo. Kijana mwenye busara humwachia vijiti mdogo, akamgeuzia mkubwa somo lilelile kwa bei za sokoni, akamwandikia ubaoni hesabu ambazo tayari anazo kichwani, na kwa kufanya hivyo hujifunza jambo ambalo walimu wengi hulifikia baada ya miaka, kwamba mtoto asiyejua kusoma si mtoto asiyejua kitu.

Jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi, ni jeraha la moyo. Watoto walioona nyumba zikiungua au ndugu wakiuawa hawalionyeshi jeraha hilo kwa namna moja: mmoja husinzia kutwa kwa kuwa usiku halali, mwingine hupiga wenzake, mwingine hunyamaza kabisa, na wengi, wakipewa karatasi na rangi katika vituo vya kuchezea vinavyoendeshwa katika kambi za wakimbizi, huchora bunduki na watu waliolala chini. Wanafunzi wa ualimu ambao hujitolea katika vituo hivyo kama waongozaji wa michezo na nyimbo hufundishwa wasimhoji mtoto mbele ya wenzake juu ya mchoro wake, wala wasimlazimishe kusimulia yaliyompata, kwani kusimulia kwa kulazimishwa huweza kulifungua jeraha bila ya kuwapo mtu wa kulifunga. Kinachomsaidia mtoto kwanza ni utaratibu usiobadilika: saa ileile, wimbo uleule wa kufungulia siku, mtu yuleyule mbele ya darasa, jina lake likitajwa kila asubuhi. Mwito wa majina, ambao katika shule ya amani ni shughuli ya dakika chache tu, hapa ni sehemu ya matibabu, na pia ndio unaomjulisha mwalimu kwamba familia fulani imehama usiku au kwamba msichana fulani hajaonekana tangu soko la mwisho.

Mzigo unapozidi uwezo wa kijana huyo, wapo wa kumpokea. Katika vijiji vingi vya Kivu Kaskazini kuna RECOPE, mtandao wa wanajamii wanaojitolea kulinda watoto, ambao hupewa habari za mtoto aliyepotezana na wazazi, aliyedhulumiwa, au aliyetoka katika kundi lenye silaha. Watoto wa kundi hilo la mwisho hupitia kwanza katika vituo vya mapokezi au familia za kuwalea kwa muda, na CAJED, shirika la Goma, ni miongoni mwa wanaoifahamu kazi hiyo kwa undani. Lakini mwishowe wanatakiwa kurudi darasani, na aliyekuwa akiamuru wenzake msituni huona taabu kuketi kimya chini ya mwalimu anayemzidi miaka minne au mitano tu. Ukaribu huo wa umri ni hatari kwa kijana asiyeandaliwa, ambaye hukimbilia fimbo kwa kuogopa kudharauliwa. Kwa aliyeandaliwa ni faida kubwa, maana mwanafunzi huona mbele yake mtu aliyeishi vita hivyohivyo na bado anasoma.

Lugha nayo hudai ustadi wake. Masisi ni nchi ya Wahunde ambamo utawala wa Kibelgiji, kuanzia mwaka 1937, uliwahamishia maelfu ya familia kutoka Rwanda katika eneo la Gishari, na kwa hiyo benchi moja la darasa la kwanza linaweza kubeba mtoto wa Kihunde na mtoto wa Kinyarwanda ambao wazazi wao hawasalimiani. Walikale kuna Kinyanga na Kikumu. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote, na sheria ya 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mazingira zitumike kufundishia, ingawa vitabu vya Kiswahili bado ni vichache. Mradi wa ACCELERE!, ulioanza mwaka 2015 kwa fedha za Marekani na Uingereza, ulisaidia kwa kutoa vitabu vya kusomea katika lugha za taifa. Wilaya hizi zenyewe zina hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo, kwa kuwa utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969 kama ulivyosimuliwa na Shekarisi Rureke, una nyimbo, vitendawili na safari za ajabu za kumtosha mwalimu kwa muhula mzima wa masomo ya kusikiliza na kusimulia.

Nyuma ya haya yote kuna suala la fedha, na hapa haki inadai maneno ya wazi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya serikali ilipoporomoka, shule za Kongo, ambazo nyingi huendeshwa na makanisa kwa mkataba wa mwaka 1977, ziliishi kwa prime, mchango ambao wazazi walilipa ili mwalimu asiondoke. Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, jambo ambalo katiba ya 2006 ilikwisha kuliahidi katika ibara ya 43, na madarasa yakafurika. Ilikuwa hatua njema, na hakuna anayewapenda watoto anayeweza kutamani irudishwe nyuma. Hata hivyo mwalimu ambaye hakuwa katika orodha ya SECOPE, idara iliyosimamia wakati huo malipo ya walimu, alipoteza prime bila kupata mshahara, na walimu hawa, wanaoitwa N.U. kwa maana ya vitengo vipya, wamekuwa wakingoja kwa miaka. Kijana anayejitolea leo anajua kwamba hata akipata D6 kesho, foleni anayoiendea ni hiyo.

Ndiyo maana machimbo kama ya Rubaya hayawavuti watoto pekee, bali na wale wanaowafundisha. Wasichana wanaosomea ualimu hubeba zaidi, kwa kuwa njia ya kwenda shuleni hupita katika vizuizi vya watu wenye silaha, na familia nyingi hukataa binti aifuate. Akikosekana yeye, hukosekana pia mtu ambaye wanafunzi wa kike wangethubutu kumweleza yaliyowapata njiani. Mradi wa shirika nao huisha kwa tarehe iliyoandikwa katika mkataba wake, iwe watoto wamefika mtihani au hawajafika, na siku hiyo posho hukoma.

Lipo jambo ambalo halihitaji fedha nyingi. Mwezi alioufundisha kijana katika kituo cha CRS au katika darasa la mchana la wakimbizi ungeweza kuhesabiwa katika staji yake, mkaguzi akaja kumtazama akifundisha, mkuu wa shule akamwandikia hati ya kazi, na nakala ya hati hiyo ikawekwa Goma au Kinshasa mbali na moto. Majalada ya walimu yanayobaki katika ofisi za vijijini huweza kuungua pamoja na ofisi hizo, na mtu aliyefundisha misimu kadhaa Nyabiondo au Pinga akabaki bila karatasi yoyote ya kuonyesha anapoomba kuandikishwa. Kamati za wazazi, COPA, huwafahamu vijana hawa kwa majina na zinajua nani alifundisha wapi na kwa muda gani, na orodha zao zingetosha kuwa mwanzo.