Biashara ya Mtandaoni, Sehemu ya Tatu: Uliza Utatokaje Kabla Hujaingia

Novemba 2019 soko la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania. Muuzaji wa Dar es Salaam aliyekuwa amepanga bidhaa zake humo alibaki na mzigo wake stoo, lakini wateja aliowahudumia hakubaki nao. Katika masoko ya aina hii mnunuzi ni wa soko. Namba yake ya simu, mtaa anaoishi, alichonunua mwaka jana Idi ilipokaribia, vyote hukaa kwa mwenye soko, na mwenye soko akiondoka huondoka navyo.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu wengi mnauliza: nifungue duka wapi, kwa ada gani, lenye sura gani? Ni maswali halali na nitayajibu. Ila kwa muuzaji mdogo lipo swali linalopaswa kuyatangulia. Siku jukwaa likifungwa, au likipandisha ada, au serikali ikilizima, nitatoka na nini mkononi?

Tushuke Kansanga, Kampala, kwenye barabara ya Ggaba. Kampala International University ipo hapo tangu 2001, na wanafunzi wake wametoka kila upande wa Afrika Mashariki. Ukisogea kidogo uko Kabalagala, ambako Wakongo, Wasomali, Waeritrea na Wasudani Kusini wamejenga maisha. Kiswahili hakimshangazi mtu huko. Sasa tumchukue mama wa Kikongo auzaye vitenge katika chumba kimoja nyuma ya barabara. Wapo wengi wa namna yake Kampala. Asubuhi hutandika kitenge juu ya kiti mlangoni, penye mwanga, akakipiga picha na kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Saa mbili haijapita, ujumbe unaingia kutoka Nsambya: "Mama, ile ya buluu iko?" Iko. Wanapatana bei, pesa inatumwa kwa simu kupitia MoMo, kijana wa boda anaitwa, kitenge cha yadi sita kinakunjwa ndani ya mfuko mweusi. Kabla boda hajaondoka mama anafungua kaunta buku na kuandika jina la mteja, namba yake, rangi aliyochukua, kiasi alicholipa, na namba ya huyo mwenye boda.

Daftari lile ndilo duka. Jukwaa lolote atakalochagua lipimwe kwa kulinganishwa nalo: je, linaniachia habari zilizomo humu, au linazichukua?

Kwa kipimo hicho WhatsApp inafanya vizuri kuliko wataalamu wengi wanavyokiri. Toleo la biashara lilitoka Januari 2018, katalogi ya bidhaa ikaongezwa Novemba 2019, na kufungua ni bure. Namba za wateja zinaingia kwenye simu yako mwenyewe. Udhaifu wake hujitokeza biashara inapokua. Watu kumi wakiuliza kitenge kimoja kwa wakati mmoja, wewe ndiye unayekumbuka nani alitangulia. Katalogi nayo hubaki humo humo, na simu ikiibiwa bila nakala ya namba, umeanza upya.

Uganda imetufundisha jambo jingine. Julai 1, 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao ya aina hiyo. Mwaka 2021 ikaondolewa, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Januari mwaka huohuo, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa. Kisha jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18. Intaneti ilirudi lakini Facebook haikufunguliwa. Ilibaki imefungwa miaka iliyofuata, na aliyetaka kuifikia alilazimika kupitia njia za panya. Fikiria aliyekuwa na wafuasi elfu kadhaa kwenye ukurasa wake bila namba ya simu hata moja. Mwenye kaunta buku aliweza kupiga simu ya kawaida na kuwaambia wateja wake kwamba yupo.

Tuje kwenye masoko makubwa. Hapa sitaki nieleweke vibaya, kwa sababu yana faida ambayo muuzaji mpya hawezi kujitengenezea haraka, nayo ni kuaminika. Mnunuzi asiyekujua anaogopa kutuma pesa, lakini anakubali kuagiza kwa Jumia na kulipa anapopokea. Hilo lina thamani, na kamisheni unayokatwa ndiyo bei yake. Lakini tazama historia yake ilivyo fupi na yenye misukosuko. Kaymu ilimezwa na jina la Jumia mwaka 2016. Mwaka 2019 OLX ya Uganda, pamoja na ya Kenya na Tanzania, ilinunuliwa na Jiji. Desemba 2023 Jumia ikafunga huduma yake ya chakula hata hapa Uganda, na wapishi waliokuwa wakitegemea oda zake wakatafuta pengine. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuyatumia masoko haya kwa bidhaa chache zinazokutambulisha, bila kuyakabidhi biashara nzima. Na kabla hujatia kadi yenye namba yako ndani ya kifurushi, soma masharti, maana yapo masoko yasiyoruhusu.

Linabaki duka lako mwenyewe lenye jina lako, na hapa majina mawili ndiyo yanayotajwa sana. Shopify ni kampuni ya Ottawa, Kanada, iliyoanza 2006. Unalipa ada ya mwezi, wao wanatunza mitambo, wewe unapanga bidhaa. WooCommerce ni programu ya bure inayokaa juu ya WordPress. Ilitolewa mwaka 2011 na WooThemes, kampuni yenye mizizi Cape Town, ikanunuliwa na Automattic mwaka 2015. Programu ni bure, lakini nafasi kwenye seva utailipia, na kuisasisha, kuilinda na kuitunzia nakala ni kazi yako au ya fundi wako.

Kwa Kampala, kinachoamua kati ya hizi mbili ni malipo kuliko sura. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipatikani Uganda, kwa hiyo utaunganisha kampuni nyingine ya kupokea pesa, na katika mpango wa msingi Shopify hukata asilimia 2 ya kila mauzo yanayopita kwa kampuni ya nje, juu ya makato ya kampuni hiyo. Mwaka 2023 ada ya mpango huo nchini Marekani ilipanda kutoka dola 29 hadi 39 kwa mwezi. Tupige hesabu ya yule mama kwa ada hiyo. Dola moja ikiwa shilingi 3,600, ada ya mwezi ni shilingi 140,400. Akipata faida ya shilingi 10,000 kwa kitenge, vitenge 14 vya kwanza vya kila mwezi ni vya kulipa pango tu, kabla ya kodi ya chumba na bando. Auzaye vitenge 200 kwa mwezi hataumia. Auzaye 30 anafanya kazi nusu mwezi kwa ajili ya Ottawa.

WooCommerce huunganishwa na Pesapal, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2009, au na Flutterwave, na mteja akalipa kwa MTN au Airtel bila kutoka kwenye ukurasa. Hata hivyo sioni sababu ya kukimbilia huko mwanzoni. Mteja wa Kansanga amezoea kulipa kwa namba ya muuzaji kupitia *165# ya MTN au *185# ya Airtel, kisha anapiga simu kuuliza kama pesa imefika. Tovuti ya kwanza inaweza kuonyesha bidhaa, bei na kitufe kinachofungua WhatsApp, basi. Kuingiza malipo ndani ya tovuti kutakuja pale oda zitakapozidi uwezo wa mtu mmoja kujibu. Na pesa ikishaingia kwenye simu, mlipe muuzaji wako wa jumla kwa simu hiyohiyo kila inapowezekana, kwa sababu kutoa taslimu kunakatwa kodi ya asilimia 0.5 pamoja na ada ya kutoa.

Neno moja kuhusu picha. Mteja wako anafungua duka kwa simu, kwa bando alilonunua leo asubuhi. Ukurasa wenye picha nzito unamlia bando kabla hajaona bei, na ataufunga. Punguza ukubwa wa kila picha kabla ya kuipandisha.

Sasa jaribio lenyewe. Kabla hujahamia jukwaa lolote, weka bidhaa tatu na mteja mmoja wa majaribio, kisha jaribu kuvitoa. Shopify inakupa orodha ya bidhaa na ya wateja kama faili linalofunguka kwa Excel. WooCommerce inakaa kwenye hifadhi yako mwenyewe, kwa hiyo kila kitu ni chako, pamoja na hasara ya kukipoteza. Jukwaa lisilokupa faili lolote ni la kutangazia tu. Na orodha ukishaipata, kumbuka ni amana ya watu. Tangu 2019 Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi inayokutaka upate idhini ya mteja, basi usiigawe wala usiiuze.

La mwisho ni jina la tovuti, na hapa ndipo ninapoona watu wa biashara ndogo wakiumia zaidi, tena kwa jambo la gharama ndogo. Kansanga haikosi vijana wanaosoma kompyuta, na wengi hujenga tovuti nzuri kwa bei nafuu. Kijana anasajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Anamaliza chuo, anarudi kwao, anabadilisha namba. Mwaka unakwisha, ujumbe wa kulipia jina unaenda kwenye barua pepe isiyofunguliwa tena, na tovuti inazimika bila mwenye duka kujua neno la siri ni lipi wala aliliweka nani. Kwa hiyo sajili jina kwa barua pepe yako na kwa simu yako, ulipe mwenyewe, neno la siri uliandike mahali unapotunza leseni. Fundi mpe ruhusa ya kuingia, na akimaliza kazi ubadilishe neno la siri mkiwa mmekaa pamoja.

Sehemu ya nne itahusu boda na vifurushi: nani anabeba hasara mzigo ukipotea kati ya Kansanga na Ntinda.