Matokeo ya Mieleka ni Mali ya Nani?

Mwaka 1996 Motorola iliingiza sokoni peja iliyomwonyesha mwenye nayo matokeo ya mpira wa kikapu wa NBA huku mechi zikiendelea. Waandishi walikaa mbele ya televisheni na redio, wakafuatilia mchezo na kuingiza pointi kwenye kompyuta, na muda mfupi baadaye shabiki alizisoma kiunoni mwake. NBA ikaenda mahakamani. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa yenye makao New York ikaamua kwamba matangazo ya televisheni yana hakimiliki, lakini mechi yenyewe haina, na pointi ni habari ambayo yeyote anaweza kuisema. Sababu mojawapo ni kwamba mchezo wa ushindani hauna mswada ulioandikwa.

Shabiki wa WWE atege sikio hapo, maana mieleka yake ina mswada. Mshindi hupangwa kabla hajapanda ulingoni, na matusi mengi ya kwenye kipaza sauti yana mwandishi. Kampuni yenyewe ilikiri zamani. Februari 1989, ikiitwa bado WWF, iliwaambia maseneta wa jimbo la New Jersey kuwa kazi yake ni burudani na si mashindano, ikitafuta kukwepa usimamizi na kodi za michezo. Sidhani kama siku hiyo kuna aliyewaza hakimiliki. Lakini kisheria burudani yenye mswada inakaa karibu na tamthilia kuliko kandanda.

Na tamthilia ina ulinzi mkali zaidi. Mwaka 1998 mahakama ileile ya New York ilitoa uamuzi dhidi ya mchapishaji wa kitabu cha chemshabongo chenye maswali 643 kuhusu vituko vya Seinfeld, kichekesho cha televisheni. Mchapishaji alijitetea kwamba anauliza mambo yaliyotokea tu. Mahakama ikajibu kwamba hayakutokea. Yalitungwa, na aliyeyatunga ndiye mwenyewe.

Basi orodha ya mabingwa tangu enzi za Hulk Hogan, ambayo mashabiki huitunza kwa bidii ya makarani wa masjala, iko upande wa peja au upande wa Seinfeld? Kwa maoni yangu iko upande wa peja. Hata kama mshindi alipangwa, pambano lilifanyika kweli, mbele ya maelfu waliokata tiketi, na mkanda ukabebwa na mtu wa nyama na damu. Kuandika nani alishinda, wapi na lini, ni kutoa habari. Kunakili maneno yote ya majibizano ya dakika 15, neno kwa neno, ni jambo jingine, na hapo nisingemshauri mtu ajiamini sana.

Lakini shabiki hapati msukosuko kwa kuandika matokeo. Anaupata kwa picha na sauti. Tangu Oktoba 1998 Marekani ina sheria ya DMCA, inayoukinga mtandao kama YouTube usidaiwe kwa makosa ya watumiaji wake, mradi uondoe haraka kile ambacho mwenye mali amekilalamikia. Sasa chukua kijana wa Mombasa aliyetengeneza uchambuzi wa dakika 12 wa pambano moja, akaweka humo vipande vifupi vya video ili aonyeshe anachokisema. Malalamiko yanakuja, video inashuka, na akaunti inapewa onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanatosha kuifunga.

Anaweza kupinga. Uchambuzi na ukosoaji ni katika mambo yanayotajwa waziwazi na kanuni ya matumizi ya haki katika sheria ya Marekani. Ila fomu ya kupinga inadai jina lake halisi, anwani na simu, pamoja na kauli, chini ya adhabu ya kusema uongo kwa kiapo, kwamba anaamini video iliondolewa kimakosa. Kwa kuwa yuko nje ya Marekani, lazima pia akubali kushtakiwa katika mahakama ya huko. Mlalamikaji adhabu hiyo inamkabili kwa jambo moja tu: kwamba ana mamlaka ya kulalamika kwa niaba ya mwenye mali. Kuhusu kosa lenyewe, inatosha aseme anaamini kwa nia njema kwamba limetendeka. Kijana gani wa Mombasa atatia saini hapo kwa ajili ya video ya mieleka? Wengi huacha ipotee. Botchamania, mfululizo wa shabiki wa Uingereza unaokusanya makosa ya ulingoni, umeishi maisha ya mpangaji, ukihamishwa kutoka tovuti moja ya video hadi nyingine.

Mwaka 2011 hali ilikaribia kuwa mbaya zaidi. Muswada wa SOPA, uliowasilishwa Oktoba katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, ungewawezesha wenye hakimiliki kukatia tovuti malipo na matangazo ya biashara, na kurusha kazi ya mtu bila idhini mara 10 ndani ya siku 180 kungeweza kumfunga mrushaji miaka mitano. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilijizima siku nzima kupinga, na ndani ya siku chache muswada ukawekwa kando. Sheria iliyopita Desemba 2020 ni finyu zaidi: inawalenga wanaofanya biashara ya kurusha matangazo ya wizi, si mtazamaji wala mchambuzi. Kenya nayo iliingiza utaratibu wa notisi za kuondoa kwa marekebisho ya 2019.

Hakimiliki humuuma hata mwenye mali. ECW, kampuni ya mieleka ya Philadelphia iliyokufa 2001, ilipenda kutumia nyimbo maarufu bila kulipia. Mwanamieleka wake The Sandman aliingia akipita katikati ya watu, sigara mdomoni na fimbo mkononi, akijigonga kopo la bia kwenye paji la uso, huku ukumbi mzima ukiimba “Enter Sandman” ya Metallica. WWE ilipozinunua kanda za ECW na kuzitoa upya, wimbo uliondolewa na kupachikwa muziki mwingine. Watu wanaonekana wanaimba, ila kinachosikika si wanachoimba. Anayetaka kuona ilivyokuwa itabidi amtafute shabiki mwenye kanda ya VHS, ambaye kisheria hana ruhusa ya kuisambaza.

Turudi kwenye malalamiko ya mtandaoni. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao California, katika kesi ya mama aliyepandisha video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza wimbo wa Prince, iliamua kwamba mlalamikaji lazima kwanza afikirie kama matumizi hayo ni ya haki. Lakini Agosti 2023 UFC, kampuni ya mapigano, pamoja na ligi za NBA na NFL ziliiandikia serikali ya Marekani zikitaka matangazo ya moja kwa moja yaliyoibwa yaondolewe papo hapo. Mwezi uliofuata UFC na WWE zikaunganishwa kuwa kampuni moja, TKO. Kwa matangazo mubashara naielewa hoja yao, kwa sababu pambano likishakwisha, kuliondoa hakumsaidii mtu. Ila kuondoa papo hapo ni kazi ya mashine, na mashine inayotambua picha za WWE haijui kama juu ya picha hizo kuna mwizi au mchambuzi anayeeleza kwa nini pambano lilikuwa bovu.