Kuonyesha Filamu za Kigeni Chuoni: Njia Tatu za Tafsiri

Tamthilia na filamu huweza kuonyeshwa katika ukumbi mmoja wa chuo kikuu, lakini kwa upande wa lugha hali zao si moja. Tamthilia yaweza kutungwa au kufasiriwa kwa lugha ya watazamaji wake, na wachezaji wakaisema. Filamu huja na sauti iliyokwisha kufungamana na picha.

Tofauti hii yaonekana wazi Dar es Salaam. Chuo Kikuu kilichofunguliwa mwaka 1961 kilihamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, tamthilia ya Kiswahili ihusuyo Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, nayo ikachezwa chuoni humo. Tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na mtunzi mwenyewe, ilifuata mwaka 1970. Hapo Kiswahili kilikuwa ndicho asili. Kwa filamu za kigeni mambo huwa kinyume: Kiswahili hufika mwisho, au hakifiki kabisa. Basi mtazamaji asiyeimudu lugha ya filamu huwaona wenzake wakicheka asijue sababu, na mjadala ufuatapo hunyamaza. Ziko njia tatu za kuliondoa tatizo hilo.

Njia ya kwanza ni mfasiri asemaye juu ya sauti ya filamu, kama ilivyozoeleka katika vibanda vya video mijini. Mfasiri hodari huleta utani na nahau, tena hueleza desturi za kigeni. Lakini sauti yake huifunika ile ya mchezaji, na aghalabu huongeza yasiyosemwa. Penye burudani tupu hilo halina madhara makubwa. Penye mafunzo ni kasoro nzito, maana watazamaji watajadili maneno ya mfasiri wakidhani ni ya mtunzi.

Njia ya pili ni kutia sauti mpya mahali pa ile ya asili. Hapa midomo huwa kizuizi. Sauti b, m na p hutamkwa kwa kufumba midomo, na jicho huiona kasoro upesi. Mchezaji wa Kiingereza aweza kumaliza neno midomo ikiwa imefumbwa, hali neno la Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kinywa kikiwa wazi. Tena kazi hii yahitaji wachezaji na mitambo ya sauti, gharama ambayo chama cha wanafunzi ni vigumu kuimudu.

Njia ya tatu ni maandishi ya tafsiri chini ya picha. Kwa kawaida hayazidi mistari miwili, kila mmoja wa herufi 40 hivi, nayo hukaa kwa sekunde chache tu. Muundo wa Kiswahili wafaa hapa. Neno "sikukuona" lina herufi 9 tu, nalo hubeba mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa. Kiingereza chahitaji maneno matano kwa maana hiyo hiyo.

Hata hivyo ufupi si kazi yote. Kitenzi "alisema" hakitengi mwanamume na mwanamke. Msemaji akionekana, picha hueleza; akitajwa mtu asiyekuwapo, mfasiri hulazimika kuandika "yule bibi" au "yule bwana". Kadhalika Kiingereza hutumia neno moja kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Mfasiri aliyepewa karatasi ya maneno bila kuiona filamu yote hawezi kuchagua ila kwa kubahatisha. Na katika hadithi ya urithi, kumwita baba mdogo mjomba ni kumhamisha kutoka upande wa baba kwenda upande wa mama.

Kwa maonyesho ya chuoni, basi, njia ya tatu ndiyo ifaayo zaidi: sauti ya asili husalia, na yeyote aijuaye aweza kuisahihisha tafsiri. Shurti mfasiri aitazame filamu nzima kabla ya kuandika, na mjadala uendeshwe kwa Kiswahili. Tena maandishi hayo yafaa yahifadhiwe baada ya onyesho. Mtunga kamusi atapata humo jinsi Kiswahili kinavyoyajibu mazungumzo ya watu wa mbali, nayo maonyesho yatakuwa yamewanufaisha hata wasiokuwamo ukumbini.